Upande wa Pili wa Nguruwe

Nguruwe mwitu hali mahindi kama mtu. Mtu huvunja hindi moja, akaridhika, akaenda zake. Nguruwe huangusha mistari mitatu ili ale hindi moja, tena hulitafuna nusu, akalitema, akahamia lingine, kana kwamba ametumwa na mtu mwenye kinyongo na wewe.

Asubuhi hiyo ya mwezi wa saba, mwaka wa 2005, Hesbon alisimama katika shamba lake la ekari tatu, nje kidogo ya soko liitwalo Kwanza, karibu na Kitale, akayaangalia mabua yaliyolala chini kama walevi. Nguruwe walikuwa wameingilia upande wa bondeni, pale kijito kinapofunikwa na vichaka, wakala wakipanda mpaka karibu na ghala. Kwa nyayo alizoziona walikuwa saba, labda wanane. Dume lao lilikuwa na kwato pana kama kiganja chake.

"Baba, hata ukisimama hapo mpaka Krismasi hayatainuka!" Sellah alimwita kutoka mlango wa jikoni.

Sellah alikuwa binti yake wa mwisho, wa miaka ishirini na minne, mwalimu wa watoto wa chekechea pale kanisani Kwanza. Wenzake wote walikuwa wameolewa au wamehamia mjini. Yeye ndiye aliyebaki kumpikia baba yake na kumsema, na mdomo huo aliurithi kwa mama yake mzima mzima.

"Naibu wa chifu amepita hapa," akaendelea. "Anasema ofisi ya wanyama ya Kitale imekubali. Jumamosi wanaleta bunduki moja. Kila boma itoe mtu mmoja wa kupiga debe. Nimemwambia kwetu ni mimi."

"Wewe?"

"Sasa nani? Wewe na hiyo goti? Utaanguka kwa mfereji nguruwe wakucheke."

Hapo Hesbon akaona alichoshika Sellah mkononi. Lilikuwa debe la mafuta ya kupikia, limebonyea upande mmoja kwa kupigwa fimbo, limefungwa waya wa kuning'inizia shingoni. Debe la mama yake. Alikuwa amelitoa darini na kulipangusa vumbi.

"Rudisha hiyo kitu mahali ulitoa," alisema.

"Si ni debe tu, baba."

"Nimesema rudisha!"

Sellah alimtazama, akaingia ndani. Debe hakulirudisha. Hesbon alilisikia likiwekwa sakafuni, karibu na mlango, tayari.

Desturi ya kuwinda nguruwe upande ule haikuanza na bunduki. Wazee waliwinda kwa mikuki na mbwa. Wanawake na wasichana walijipanga bondeni kando ya kijito, wakapiga madebe na makelele na kupanda polepole ndani ya mahindi, na nguruwe wakakimbilia juu, kwenye uwanja, ambako wanaume waliwangoja. Mkuki ulipompata nguruwe uliishia humo humo. Baadaye mikuki ikaondoka, ikaja bunduki ya serikali, lakini wanawake waliendelea kupanga mstari pale pale kama zamani, na mwenye bunduki akasimama pale pale wa mkuki alipokuwa akisimama, uso wake ukiwaelekea wao. Hakuna aliyekaa chini kufikiri kwamba risasi si mkuki.

Miaka miwili iliyopita, saa nne ya asubuhi, polisi wa akiba aliyetumwa na ofisi ya Kitale alimpiga nguruwe jike ubavuni kwa G3, bunduki ya jeshi. Risasi ilitoka upande wa pili wa nguruwe, ikapita katika mistari kumi na minne ya mahindi, Hesbon aliihesabu baadaye, ikamwingia Dinah, mkewe, chini ya kitovu. Debe lilikuwa bado linaning'inia shingoni mwake. Kaka yake alikuja na pikapu akamchukua kumpeleka hospitali huko Bungoma, karibu na kwao. Aliishi siku mbili.

Ofisi iliandika kwamba ilikuwa ajali, na kwamba marehemu alisimama mahali pasipofaa. Mahali pasipofaa! Katikati ya mahindi aliyoyapanda kwa mikono yake mwenyewe, akayapalilia mara mbili. Tangu siku hiyo Hesbon hakuwa na salamu nyingine. Serikali imeniulia mke. Aliisema matangani, aliisema kanisani, aliisema kwa muuza mbolea ambaye hakuwa amemuuliza kitu. Na watu walitikisa vichwa wakasema kweli, mzee, hawa wakubwa hawajali mtu. Ilikuwa kweli. Ila haikuwa yote, na Hesbon peke yake ndiye aliyejua kilichobaki. Ndivyo alivyoamini.

Sasa ilikuwa Jumatano. Jumamosi Sellah angesimama bondeni na debe la mama yake, na bunduki ingeelekezwa kwake.

*

Kesho yake Hesbon alivaa koti lake la kanisani akaenda Kitale.

Mkubwa wa ofisi ya wanyama, Rotich, alikuwa mtu wa viatu vinavyong'aa hata wakati wa mvua. Alipomwona mlangoni alishusha pumzi.

"Mzee Hesbon. Umekuja tena na ile kesi?"

"Nimekuja na nguruwe."

"Nguruwe tumeshapanga. Jumamosi Koplo Jelimo atakuja na G3. Si hiyo ndio mmekuwa mkilia?"

"G3 hapana."

"Ati nini?"

"Leteni bunduki ingine. Hiyo haifai kwa nguruwe ndani ya mahindi, na watu wako mbele."

Rotich alicheka kidogo, akainuka, akavuta faili kutoka kabatini. Hakuhangaika kuitafuta, kama mtu aliyezoea kuitumia. Akasoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari:

"'Mwenye shamba, ambaye zamani alibeba bunduki ya mzungu, aliulizwa. Alishauri kwamba G3 ndiyo inayofaa, na ikatumika.' Hapa chini kuna sahihi. Ya nani hii, mzee? Yangu?"

Hesbon aliiangalia sahihi yake. Aliacha shule darasa la tatu, na herufi zake zililala upande kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Hakuwahi kujua kwamba maneno yale yaliandikwa. Alipotia sahihi siku ile, alidhani anakiri tu kwamba nguruwe aliuawa shambani kwake.

Kweli aliulizwa. Yule polisi wa akiba alikuja na bunduki mbili, G3 na bunduki ya marisawa, ile inayotema chembe nyingi kwa mpigo mmoja. Akauliza mbele ya watu wote: "Wananiambia hapa kuna fundi wa bunduki. Mzee, nitumie gani?"

Hesbon alikuwa amebeba bunduki za Bwana mmoja, mzungu mwenye shamba karibu na Kitale kwa miaka kumi, mpaka Bwana alipouza akaenda kwao. Alizisafisha, alizipaka mafuta, alijua kila moja inaua nini. Marisawa hakuyapenda. Mwaka wa sitini na tisa alimwona nguruwe aliyepigwa kwa chembe ndogo za ndege akigeuka na kumpasua paja mwangalizi wa mbwa, kuanzia goti mpaka kiunoni. Basi akachukua risasi moja ya G3, akaipima kwa kidole. Unene wake ulikuwa ule ule wa bunduki ya Bwana, ile ambayo watu wa bunduki huiita thri-o-eiti. Bwana aliua nayo nguruwe mia na zaidi, na hakuna aliyeinuka. Hesbon akaiinua juu watu wote waione. "Hii ndiyo ile ya Bwana," alisema. "Tumia hii."

Unene ulikuwa mmoja, kweli. Ila vichwa vilikuwa tofauti. Risasi ya Bwana ilikuwa na ncha ya madini ya risasi, tupu, laini, unaweza kuikwaruza kwa ukucha. Ikiingia nyamani hufunguka kama ua, ikakaa humo. Ya serikali imefunikwa shaba mpaka nchani. Imetengenezwa kwa vita, ili ipite. Hesbon aliyajua hayo tangu ujana wake. Siku hiyo hakuangalia kichwa kwa sababu watu arobaini walikuwa wakimwangalia yeye.

"Ni yako," Rotich alisema. Akafunga faili. "Koplo! Mpeleke mzee stoo, achague mwenyewe. Baadaye asiseme hatukumsikiliza."

Koplo Jelimo alikuwa mwanamke wa miteremko ya mlima Elgon, mrefu, asiye na haraka. Alifungua kufuli tatu. Ndani palinuka mafuta na panya.

"Chagua, mzee," alisema, na hakuwa anadhihaki. "Hii ni foo-fai-eiti. Ya ndovu."

"Hiyo ikitoka kwa nguruwe itafika Lwakhakha, ivuke mpaka bila kitambulisho."

Jelimo alitabasamu. "Hii ndogo ni tuu-tuu."

"Ya njiwa. Nguruwe atadhani ni siafu."

"Na hii?"

Hesbon aliichukua. Ilikuwa thri-seven-fai, nzuri, mti wake umetunzwa. "Hii na ncha laini ingefaa kiasi. Ziko?"

"Za ncha laini ziliisha. Tumeagiza tangu mwaka juzi."

"Na marisawa? Ile mlikuja nayo siku ile?"

"Ilivunjika nyundo. Nayo tumeiandikia barua, hatujajibiwa."

"Basi mna nini?"

"G3," Jelimo alisema. "Na barua."

Ndivyo walivyo, Hesbon aliwaza. Wana kufuli tatu za kufungia kitu ambacho hakipo. Akairudisha bunduki mahali pake.

Jelimo alimsindikiza mpaka langoni. Hapo akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, kuna mtu unajua ako na marisawa ya kibali? Akikuja nayo mwenyewe, na mimi nisimame hapo, hiyo naweza kuandika kwamba nilisimamia. G3 yangu itakaa begani."

Hesbon alimjua mtu mmoja tu. Alikuwa Bungoma, na tangu siku ya kumzika Dinah hawakuwa wamesalimiana.

*

Wabwile, kaka yake Dinah, aliendesha trekta za miwa mpaka akastaafu. Sasa alikuwa na miwa yake mwenyewe nje ya mji wa Bungoma, na kibali cha bunduki kwa ajili ya nyani. Ijumaa asubuhi Hesbon alimkuta ameketi uani akichambua vitunguu. Hakuinuka.

"Hodi, shemeji."

"Nani huyo? Hesbon?" Wabwile alimkazia macho. "Nilidhani ni wale wa kuuza dawa ya panya."

"Ni mimi."

"Naona. Kaa kwa hiyo kiti. Si hiyo, hiyo imevunjika. Viola! Leta mgeni chai."

Alisema mgeni. Viola, mke wa Wabwile, alileta chai, akamsalimia Hesbon kwa mikono miwili, akawaacha upesi kama mtu anayekimbia mvua. Hesbon alikunywa nusu kikombe ndipo akaeleza haja yake: nguruwe, Jumamosi, mstari wa madebe, Sellah.

"Miaka miwili hujaleta hata salamu," Wabwile alisema. "Leo unaleta kuomba. Serikali haina bunduki?"

"Serikali!" Hesbon alijiweka sawa, maana wimbo huo aliujua kwa moyo. "Shemeji, hao watu ndio waliniulia mke. Wamekaa huko na viatu zao, hawajali kama..."

"Hiyo nimesikia." Wabwile alitupa kitunguu kilichooza. "Matangani uliisema. Kaburini uliisema, mpaka padre akakohoa. Sema ingine."

Hesbon aliweka kikombe chini. Kuku walipita katikati yao. Aliitazama miwa, akautazama mlango, akafikiri kusimama na kuondoka. Kisha, kwa macho ya moyo, akaliona lile debe kule kwake, limewekwa sakafuni karibu na mlango wa jikoni, likingoja.

"Ni mimi nilichagua," alisema.

Wabwile aliendelea kuchambua.

"Yule askari alikuwa na mbili. Akaniuliza. Nikamwambia G3. Nilipima unene nikasema ni ile ya Bwana. Kichwa sikuangalia. Najua kuangalia kichwa, shemeji. Kila siku kwa miaka kumi nilikuwa naangalia kichwa. Siku hiyo nilikuwa..." Alitafuta neno. "Nilikuwa nafurahi kuulizwa."

"Najua," Wabwile alisema.

"Unajua nini?"

"Dinah aliniambia. Ile asubuhi ya pili, kabla hajaacha kusema. Aliniambia, 'Hesbon ndiye alimwambia askari atumie ile kubwa. Usimuulize kitu. Atakuja kusema mwenyewe.' Nikamwambia sawa." Akaweka kisu chini. "Basi nikakaa hapa. Nikangoja. Mwaka ukaisha. Kila mtu akitoka Kwanza ananiambia, shemeji yako analia serikali, serikali. Mimi sikukuchukia kwa kuchagua, bana. Mtu anakosea. Nilikuchukia kwa sababu dada yangu alikufichia siri na maumivu yote hayo, na wewe ukaifanya godoro ukalala juu yake."

Hesbon aliinamisha kichwa. Kisha akasema, "Lakini na wao pia..."

"Na wao pia! Nani amekataa? Nani analeta risasi ya vita kwa shamba ya mahindi? Na yule askari aliona akina mama wakikuja na bado akafyatua. Hao wako na yao, na Mungu ako na kalamu. Mimi nilikuwa nangoja yako."

Akasimama, akaingia ndani, akarudi na bunduki ya marisawa ya mitutu miwili, namba kumi na mbili, imefungwa kwa blanketi, na sanduku la biskuti lenye risasi. Akalimimina mezani katikati ya vitunguu.

"Haya, fundi. Chagua. Na sasa uangalie."

Hesbon alichukua muda wake. Moja moja alizigeuza kwenye mwanga, akasoma karatasi, akatikisa, akasikiliza. Za chembe ndogo aliziweka kando. "Hizi zitamkasirisha tu. Nimeona paja la mtu." Akashika moja yenye donge moja kubwa, ukubwa wa zabibu. "Hii inaua. Lakini ni moja na ni nzito. Ikikosa mfupa itatoka na iendelee." Nayo akaiweka kando. Zikabaki nne, zenye chembe kumi na tano nene kama mbegu za mbaazi. Akazipanga mstari mmoja mezani.

"Hizi," alisema mwishowe. "Ukipiga karibu zinaingia pamoja, zinagawana nyama, kila moja inachoka ndani. Hatua kumi. Zikizidi kumi na tano usipige. Na utapiga kutoka juu. Ghala langu liko kwa nguzo, utalala pale juu, mdomo wa bunduki uangalie chini. Hata zikitoka, zinaingia kwa udongo."

"Na akina mama?"

"Hakuna debe. Nguruwe wenyewe hurudi bondeni alfajiri, njia yao inapita chini ya ghala. Watu wote watakaa nyuma yetu."

Wabwile alizikusanya zile nne akazitia mfukoni mwa shati. "Sellah anajua?"

"Nini?"

"Usiniulize nini."

"Hajui."

"Basi sikia. Nitakuja leo jioni na nitalala kwako. Nguruwe nitapiga. Lakini kesho jua lisitue kabla huyo mtoto hajasikia kutoka kwa mdomo yako. Ukikataa, bunduki inarudi kwa blanketi."

*

Barasa, naibu wa chifu, alilipokea jambo hilo jioni ile kama mtu aliyeambiwa kanisa limehamishwa.

"Mzee, ofisi imeandika debe. Nimetangazia boma ishirini na mbili!"

"Basi ofisi ikuje ipige debe."

"Watu wamezoea hivyo."

"Nilizika mtu kwa hayo mazoea. Shamba ni langu, Barasa. Kesho mtu akishuka bondeni nitalala mbele yake kwa matope, na wewe uandike hiyo pia."

Barasa aliondoka akinung'unika kuhusu wazee wasiosaidika. Sellah, ambaye alikuwa amesikia yote, alisimama mikono kiunoni.

"Kwa nini nisiende? Mama alienda."

"Kesho nitakwambia."

"Kila kitu kesho. Mjomba, huyu mtu anaficha nini?"

Wabwile alijifanya anatafuta sukari.

Asubuhi, kabla jua halijachomoza, Wabwile alikuwa amelala kifudifudi kwenye ukumbi wa ghala, na Hesbon kando yake, goti likimuuma. Chini yao njia ya nguruwe ilionekana kama mstari mweusi kwenye umande. Hesbon alikuwa ameipima kwa miguu mara mbili. Ilikuwa hatua tisa.

Nyuma yao, uani, wanawake walikuja hata hivyo. Barasa hakuwa amewaambia, au aliwaambia nusu. Walikuwa kumi na wawili, madebe shingoni. Jelimo aliwazuia kwenye ua, G3 begani, akiwaambia kwa upole, "Mama, hapa ndio mwisho. Hapa hapa." Sellah alikuwa miongoni mwao.

Nguruwe walikuja wakigugumia, wameshiba. Dume lilitangulia, limeinamisha kichwa, matope mpaka masikioni. Wabwile hakupumua. Lilipofika chini ya nguzo likasimama, likanusa juu, na hapo Wabwile akafyatua. Bunduki iliruka, ghala likatikisika, dume likakunja magoti ya mbele kama linalosali, likalala.

Waliobaki wakatawanyika. Watano wakatumbukia bondeni. Lakini jike moja, kubwa, lilipoteza njia, likazunguka nguzo na kukimbilia uani, moja kwa moja kuelekea kwenye ule ua na wanawake. Wabwile alikuwa tayari amegeuka, amepiga magoti, mtutu wa pili ukilifuata. Lilikuwa pana, karibu, upande wake wote wazi. Hangeweza kulikosa.

Hesbon aliona mtutu, akaona jike, na nyuma ya jike, katika mstari ule ule, akaona debe lililobonyea upande mmoja.

Aliudaka mtutu kwa mkono mtupu akausukuma juu.

"Acha! Acha iende! Wabwile, acha!"

Wabwile aliondoa kidole. Wanawake walipiga mayowe. Jike lilifika kwenye ua, Sellah akapiga debe lake mara moja kwa nguvu zote mbele ya pua yake, jike likageuka, likapita jikoni, likaangusha sufuria ya uji, likapotea kwenye mahindi ya jirani.

"Ilikuwa yetu hiyo!" Barasa alipiga kelele kutoka nyuma ya choo, ambako hakuna aliyejua alikuwa amefika saa ngapi. "Itarudi kesho na wenzake! Mzee, umeiacha!"

Kiganja cha Hesbon kilikuwa kimechubuka. Aliteremka ngazi kwa makalio, ngazi moja moja, akaenda kwa lile dume, akapiga magoti. Nyuma ya bega kulikuwa na tundu kama la kuingiza ngumi ya mtoto. Hakulitazama sana. Alipitisha mkono chini ya mnyama, upande uliolalia udongo, akapapasa mbavu moja moja, manyoya, matope, ngozi. Akarudia tena kuanzia shingoni. Mkono wake ulipita mpaka tumboni na kurudi. Ngozi ilikuwa nzima.

Jelimo alikuja na karatasi ya ofisi kwenye ubao. "Nguruwe mmoja dume. Bunduki ya raia, namba kumi na mbili." Akaandika. "Hapa wanauliza nani alishauri silaha."

"Andika Hesbon. Na ile ya mwaka ule, ile faili, nataka niongeze maneno. Nilisema G3 lakini hawakuniandika kwa nini, wala hawakujiandika wao walileta risasi gani."

Jelimo alisita. "Mzee, ile ilifungwa."

"Nani aliifunga?"

"Imepigwa muhuri."

"Kufunga wanajua," Hesbon alisema. "Hiyo ndiyo kazi yao."

Mkono wake ulikuwa bado chini ya nguruwe. Akaona miguu ya Sellah imesimama kando, umande na uji vimelowesha kandambili zake. Alikuwa akihema.

"Baba, unatafuta nini huko chini? Si amekufa?"

"Tundu."

"Tundu gani? Si hili hapa?"

"La upande wa pili."

Alimwangalia Wabwile. Wabwile alikuwa amekunja bunduki, anazitoa risasi, mgongo amewapa.

"Kaa chini, Sellah," Hesbon alisema. "Kuna kitu mama yako alijua na wewe hujui."

Sellah alilitua debe kwenye matope akalikalia. Wanawake wengine walikuwa wakisogea na visu na sufuria, wakiitana, wakicheka sasa kwa kuwa hofu imewatoka, na Hesbon akajua hana muda mrefu kabla hawajafika. Akaanza na ile bunduki ya Bwana.